Wajenzi wa programu nao wanahitaji baraza

Anayepita katika vijiji vya wavuvi vya pwani ya kusini, tangu Gazi hadi Shimoni na Vanga, hakosi kukuta chombo kimepandishwa mchangani na mafundi wakikishughulikia. Mmoja huchonga taruma, mwingine hupiga kalafati, na kivulini huwapo wazee wawili watatu ambao siku hiyo hawakushika shoka wala tezo. Kazi yao ni kusema. Huyu hunena kwamba ubao ule una ufa. Yule huuliza mbona mkuku umeegemea upande. Fundi hujibu, pengine kwa ghadhabu, lakini hujibu. Chombo kikishushwa majini, maneno ya wazee wale huwa yamo ndani yake sawa na misumari.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mambo mawili niliyoyashuhudia hapa Kwale, ambayo naomba walimu na wanafunzi wayatafakari pamoja nami.

La kwanza lilitokea katika shule moja ya upili ambayo jina lake nalihifadhi. Nilialikwa kutazama miradi ya wanafunzi wa kidato cha nne wanaosomea somo la tarakilishi. Kama walimu wajuavyo, katika mtihani wa KCSE somo hili lina karatasi tatu: ya kwanza ni ya nadharia, ya pili ni ya vitendo, na ya tatu ni mradi ambao mtahiniwa huujenga mwenyewe kwa muda wa miezi kadhaa. Kijana mmoja alinionyesha mfumo wa kusimamia hoteli ya kitalii. Ulikuwa wa kupendeza, wenye rangi na vitufe vya kila namna. Nikamwuliza, "Je, mgeni mmoja akilipia vyumba viwili, programu yako huandika nini?" Akanyamaza. Nikauliza jingine, akazidi kunyamaza. Wenzake walipoondoka alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, niwie radhi. Nimeununua. Hata kuufungua wote sijaufungua."

Sikumkemea. Nilimwuliza tu kwa nini hakuomba msaada kwa wenzake. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema, "Tumekatazwa kuzungumza juu ya miradi. Ni kudanganya."

La pili nililiona wiki chache baadaye, jioni, katika kijiji kimoja baina ya Diani na Msambweni. Vijana watano walikuwa wameketi barazani, kipakatalishi kimoja katikati yao. Msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia alikuwa amejenga daftari la kielektroniki la kuweka kumbukumbu za samaki wanaoletwa ufuoni kila siku: jina la chombo, aina ya samaki, uzito na bei. Alikuwa amemwalika mama mmoja ambaye ndiye karani wa mizani pale ufuoni, aje kuitazama kazi hiyo.

Mama yule hakuwa na elimu ya tarakilishi, lakini kwa muda wa nusu saa aliibomoa programu ile vipande vipande. Kwanza aliuliza mbona dau lililotia nanga saa kumi na moja alfajiri limeandikwa kana kwamba limefika mchana. Kumbe msichana alikuwa ameandika 11, na mashine ikaelewa saa tano ya asubuhi, kwa kuwa mashine haijui saa za Kiswahili. Kisha akauliza kuhusu wale wanaovua dagaa kwa karabai usiku. Kwetu, usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa ndio usiku wa Ijumaa. Katika mashine ungali Alhamisi hadi saa sita ya usiku. Kwa hiyo mavuno ya usiku mmoja yalikuwa yamegawanyika katika siku mbili. Hatimaye akauliza, "Na bamvua umeliweka wapi, mwanangu? Bila bamvua na maji mafu, hesabu hii itakudanganya." Msichana alikuwa amepanga kumbukumbu zake kwa miezi ya kalenda ya ukutani, ilhali bahari huenda kwa mwezi wa mbinguni.

Vijana wale walicheka, wakabishana, wakaanza kupendekeza. Mmoja alitaka kila saa iandikwe pamoja na neno alfajiri, asubuhi, jioni au usiku, na programu yenyewe ifanye hesabu ya kugeuza. Mwingine alishauri kila safari ya chombo ipewe namba yake, isitegemee tarehe. Wa tatu alipinga, akasema karani hatakuwa na wakati wa kuandika namba wakati wavuvi wamemzunguka wakidai haki yao. Kufikia adhana ya isha, programu ilikuwa ingali mbovu, lakini mwenye programu alikuwa amejua ubovu uko wapi. Na hakuna aliyemwandikia hata mstari mmoja.

Tofauti ya vijana hawa wawili haikuwa akili. Mmoja alikuwa na baraza, mwenzake hakuwa nalo.

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni mambo madogo ya kijijini, na kwamba mifumo mikubwa hujengwa na wataalamu waliojifungia ofisini. Historia inatueleza vingine. Mwezi Agosti mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliwaarifu watu wengine wa fani yake kwamba alikuwa akijenga mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu, akawaomba maoni. Hakungoja kwanza ukamilike. Waliosoma walijibu, wakakosoa, wakatuma marekebisho. Mfumo huo, Linux, ndio ulio chini ya simu za Android ambazo wengi wetu tunazo mifukoni hivi leo.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mifano. Mwezi Januari mwaka 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, kikundi cha Wakenya na marafiki zao, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, kilijenga kwa muda wa siku chache tu programu ya kukusanya habari za maovu yaliyokuwa yakitendeka na kuyaonyesha katika ramani. Wakaiita Ushahidi. Hawakuwa wote katika nchi moja, na kilichowaunganisha ni mazungumzo. Kwa kuwa waliiacha wazi ili kila mtu aisome na kuibadilisha, watu wengine waliitumia katika majanga ya mbali, likiwamo tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka 2010. Neno la Kiswahili likavuka bahari likiwa jina la kazi iliyoanzia hapa nyumbani.

Upo mfano mwingine ambao hautajwi sana, nao pengine una mafunzo makubwa zaidi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika tarakilishi. Wagonjwa wa ukimwi walipoongezeka, mfumo ule mdogo ukalemewa. Mwaka 2004 wakaanza kubuni mwingine, OpenMRS, wakauacha huria, na mwaka 2006 ukaanza kutumika Eldoret. Wajenzi wa nchi mbalimbali wakajiunga, kila mmoja akileta shida ya hospitali yake. Mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vingi vya afya humu nchini umejengwa juu ya msingi huohuo. Ungefungiwa katika chumba kimoja, huenda ungekufa pamoja na tarakilishi za mwanzo.

Hata M-Pesa, ambayo hakuna mwuza nazi asiyeijua, ilifinyangwa na kusikiliza. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005, nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa shirika la mikopo midogo kulipa madeni yao kwa simu. Watu wakaonekana wakiitumia kwa jambo jingine, nalo ni kutumiana fedha wao kwa wao. Wajenzi wangeshikilia wazo lao la kwanza, huduma iliyozinduliwa mwezi Machi mwaka 2007 isingekuwa hii tunayoijua.

Nayasema haya nikijua kwamba kuna pingamizi mbili, na zote mbili zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Pingamizi ya kwanza hutolewa na vijana wenyewe. "Nikionyesha kazi yangu," husema, "wataniibia wazo." Hofu hii naielewa. Mtoto wa maskini aliyebahatika kupata wazo huliona kama sarafu ya dhahabu, hulifunga katika kitambaa na kulificha chini ya godoro. Lakini wazo la programu si sarafu. Daftari la samaki, kitabu cha akiba cha chama cha akina mama, ratiba ya boti za watalii za kwenda Wasini: mawazo haya amewahi kuwa nayo kila mtu. Kilicho adimu ni ujuzi wa kulitimiza wazo hadi likafanya kazi mikononi mwa mtu mwingine, na ujuzi huo haupatikani mafichoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nimeona vijana wengi wa Ukunda na Diani wenye mawazo yaliyofichwa hata yakaoza.

Pingamizi ya pili ni ya walimu, nayo ni nzito zaidi. Mradi wa mtihani ni wa mtahiniwa binafsi. Mwalimu akiruhusu wanafunzi kujadiliana, atajuaje nani kafanya nini? Na matokeo yakifutwa, nani ataulizwa? Kwa hakika sitaki mwalimu yeyote avunje kanuni za Baraza la Mitihani. Wala sisemi kwamba wanafunzi wajengeane miradi. Ninachosema ni kwamba tumechanganya mambo mawili yaliyo mbali kama Vanga na Lamu: kumpa mwenzako kazi yako ainakili, na kumwuliza mwenzako swali juu ya kazi yake. La kwanza ni wizi. La pili ndiyo elimu yenyewe. Mwalimu wa insha hawakatazi wanafunzi kuzungumza juu ya uandishi, huwakataza kuandikiana. Kwa nini mwalimu wa tarakilishi afanye vingine?

Tena, tujiulize ukimya huo umezuia nini. Haujazuia udanganyifu, umeuhamisha tu kutoka darasani hadi vibandani, ambako miradi huuzwa kama vitumbua. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kumwuliza jirani yake atamlipa mtu asiyemjua. Na sasa hata kibanda hakihitajiki. Tangu ilipotolewa ChatGPT mwishoni mwa mwaka 2022, mashine yenyewe huweza kumwandikia kijana programu nzima kabla chai yake haijapoa. Kukataza peke yake hakutafaa kitu. Kinga iliyobaki ni ileile ya mama wa mizani: kumketisha mjenzi mbele ya watu na kumwuliza, hili linafanya nini, na kwa nini ulichagua hivi na si vile? Aliyeijenga atajibu, hata kama anagugumia. Aliyeinunua atanyamaza, kama alivyonyamaza kijana yule wa hoteli. Kwa hiyo baraza si adui wa mtihani. Ndilo shahidi wake wa kuaminika.

Kwa nini nasisitiza Kwale? Kwa sababu sisi wa huku tumejua gharama ya kutegemea kazi zinazoletwa na wengine. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na wengi waliokitegemea wakabaki na mashamba yaliyomea magugu. Hoteli za Diani zilizimika kama taa baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti mwaka 1997, na zikafunga milango tena mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona. Uchimbaji wa madini ya titani ulioajiri vijana wetu ulikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Sidai kwamba programu zitawalisha watu wote wa kaunti hii. Hiyo ni ahadi ya wanasiasa. Nadai kwamba kijana anayejua kujenga kitu, na anayejua kuketi na wajenzi wenzake akakosolewa bila kununa, hapokonywi ujuzi huo kiwanda kinapofungwa.

Wala hatuanzi kwa mikono mitupu. Mpango wa kaunti wa Elimu ni Sasa umewasomesha watoto wengi ambao wazazi wao wasingaliweza kulipa karo. Mwaka 2016 serikali kuu ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kufunza uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Mitambo imekuja, mitaala imekuja. Lakini mashine iliyofungiwa kabatini na ufunguo ukabaki kwa mwalimu mkuu haifundishi mtu. Na kijana wa Msambweni akitaka kukutana na wajenzi wenzake, aghalabu huambiwa aende Mombasa, kwa SwahiliPot, kituo kilichoanzishwa karibu na Ngome ya Yesu mwaka 2016. Ni mahali pazuri, na nawapongeza waliopabuni. Ila kutoka Msambweni hadi pale ni takriban kilomita 50 na kivuko cha Likoni juu yake. Nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha siku cha familia nzima.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Kila shule yenye chumba cha tarakilishi ikifungue alasiri moja kwa wiki kwa ajili ya baraza la wajenzi. Waje wanafunzi, waje na waliomaliza shule ambao wangali vijijini. Kila juma mmoja aonyeshe kazi yake, hata ikiwa haijakamilika. Bora isiwe imekamilika. Wenzake wamwulize maswali, na sharti liwe moja: hakuna anayeshika kibodi ya mwenzake. Maneno yaruhusiwe, mikono ikatazwe. Mwalimu aandike katika daftari nani aliuliza nini na mwenye kazi alijibu nini. Daftari hilo litamfaa siku akiulizwa kama mradi ni wa mtahiniwa kweli.

La pili, katika kila baraza aalikwe mtu mmoja ambaye si mjenzi: karani wa mizani, mwuguzi wa zahanati, mweka hazina wa chama, mtunza mikoko wa Gazi. Mikoko ile, ambayo tangu mwaka 2013 imewaletea wanakijiji fedha za hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, huhesabiwa na kupimwa na watu. Watu hao wana maswali ambayo hakuna kitabu cha kiada kitakachoyauliza.

La tatu, mazungumzo yawe kwa Kiswahili kila inapowezekana. Najua lugha za programu zina maneno ya Kiingereza, na sisemi tuyafukuze. Lakini mama wa mizani asingalisema neno hata moja iwapo mjadala ungaliendeshwa kwa Kiingereza, na hitilafu zile tatu zingalibaki humo hadi leo. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha njia mwaka 2004 walipotoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ilibidi waketi na kubishana juu ya kila neno. Kubishana huko hakukuwa kupoteza wakati. Mtu hajui kama ameelewa jambo mpaka alieleze kwa lugha aliyolelewa nayo.

Walimu watasema wamechoka, kwamba madarasa yamefurika na mishahara haitoshi. Ni kweli, na sitawadanganya kwamba alasiri moja si kitu. Lakini kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 limepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na mfumo mpya wa umilisi unadai kila siku kwamba mwanafunzi aoneshe anachoweza kutenda. Tukiubeba ukimya wetu wa zamani hadi katika mfumo huo, tutabadilisha majina ya mitihani tu, na vibanda vitaendelea kuuza.

Nilipata habari za msichana yule juzi. Daftari lake sasa lina nafasi ya bamvua na maji mafu, na karani wa mizani amelitumia kwa majuma kadhaa. Ameniambia limeharibika tena: watu wanaandika "tafi" kwa namna tatu, na mashine inawahesabu kuwa samaki watatu tofauti. Jioni ya Jumamosi watakuwa barazani kulijadili. Nimemwomba aniruhusu nimlete kijana mmoja wa kidato cha nne, ambaye ana mfumo wa hoteli asioufahamu na miezi michache ya kuanza upya.